Masika Unguja na Pemba: pa kwenda, pa kuepuka, na sababu zake

#1 Baraza_ya_Jioni (mwanzisha uzi)

Aprili ikinukia tu, swali ni lile lile: masika hii kuna cha kuona Unguja, au mtu asubiri Juni? Na majibu ni mawili tu: "usije, tope tupu" au "njoo, vyumba bei chee". Hakuna hata moja linalomsaidia mtu kupanga siku yake. Naomba uzi huu uwe wa wanaojua maeneo, tuandike vitu vinavyoshikika.

Naanza mimi. Masika hushika katikati ya Machi mpaka mwisho wa Mei, na Aprili ndiyo yenye mvua nyingi. Unguja kwa mwaka mzima hupata wastani wa kama milimita 1,600, Pemba kama 1,900, na sehemu kubwa huanguka katika miezi hiyo. Lakini si mvua ya kutwa kucha kila siku. Mara nyingi kishindo huja usiku wa manane mpaka asubuhi, kisha kunaanuka, jua la saa sita linachoma kama hakukuwa na kitu. Zipo siku mbili tatu za kufululiza pia, na hizo hazina dawa ila kukaa ndani na kahawa.

Watu wanatazama mbingu peke yake. Kisiwani masika inaamuliwa na vitu vitatu: ardhi unayoikanyaga, maji ya bahari yako wapi, na saa ngapi. Ukivijua hivyo, utabiri wa simu unakuwa nyongeza tu.

#2 Maweni_Kusini

Sheikh umefungua vizuri, hasa hapo kwenye ardhi. Nifafanue kwa asiyejua.

Unguja ni kama visiwa viwili vilivyoungwa. Upande wa magharibi na katikati kuna udongo: kinongo chekundu, kichanga, na mabondeni kinamo. Huko ndiko kwenye vilima vya Masingini, kama mita 120 juu ya bahari, na ndiko mito ya Mwera na Zingwezingwe inakopita. Maji ya mvua yanabaki juu, yanatiririka, yanatuama. Upande wa mashariki na kusini ni maweni, jiwe la matumbawe lililojaa matundu kama sponji. Huko hakuna mto hata mmoja. Mvua ikipiga inazama papo hapo.

Matokeo yake ni haya. Mvua ya saa mbili ikianguka mjini, Ng'ambo hapatikani pa kupita. Mvua ile ile ikianguka Jambiani au Makunduchi, baada ya saa moja njia imeshakauka na watoto wanacheza mpira. Kwa hiyo siku mjini kumechafuka, kukimbilia kusini si ujinga hata kama wingu limefunika kisiwa kizima.

Lakini jiwe hilo hilo lina ubaya wake: kinachozama haraka hakichujwi. Maji ya vyoo na ya mvua yanashuka pamoja, visima vya maweni vinachafuka ndani ya siku moja. Masika maji ya kisima upande wa mashariki chemsha, hata yakiwa meupe kama kioo. Uwazi wa maji hauna uhusiano na usafi wake.

Mapango nayo hufuata sheria hiyo. La Mangapwani lina dimbwi la maji baridi chini, na kina hupanda baada ya mvua kubwa. Ngazi zake huota ukoga. Shuka na viatu vyenye meno. Halafu watu wanalichanganya na kile chumba cha kufichia watumwa. Ni sehemu mbili mbalimbali, kilomita mbili hivi kati yao. Kile cha watumwa kilichimbwa kwenye jiwe, pango ni la kuumbika.

#3 Mama_Wawili

Asalaam aleikum. Mimi niko Tanga. Nina siku tano mwisho wa Aprili, nakuja na watoto wawili, miaka 8 na 11. Naona kama naanza kuchanganyikiwa. Huko mjini Mji Mkongwe kunapitika?

#4 Kamba_ya_Nanga

Waaleikum salaam dada yangu. Kunapitika, ila jifunze kwanza hesabu ya bamvua, maana mafuriko ya mjini ni mvua pamoja na bahari.

Hesabu yenyewe ni ya wavuvi na haihitaji simu. Mwezi mwandamo na mwezi wa kumi na tano (hapa nahesabu siku za mwezi wa Kiislamu, si miezi ya mwaka), maji ya bandari ya Unguja hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Bamvua lenyewe, yaani maji kujaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi, linafika kilele siku moja au mbili baadaye: mwezi 2 na 3, mwezi 16 na 17. Mwezi 7 na 8, na 22 na 23, ni maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, na saa zinageuka: yanajaa karibu saa nne, yanapwa karibu saa kumi. Tofauti ya kina siku za bamvua ni kama mita nne. Si mchezo.

Sasa unganisha na alichosema mwanzisha uzi. Mvua kubwa hupenda usiku wa manane mpaka asubuhi. Bamvua linajaa saa kumi alfajiri. Vikikutana, mitaro haina pa kumwaga, maana mdomo wake uko chini ya bahari. Maji yanarudi nyuma. Ndiyo sababu Malindi, Funguni na barabara ya Benjamin Mkapa huwa wa kwanza kujaa: pale palikuwa mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa enzi za ukoloni. Ardhi imefukiwa, ila maji bado yanakumbuka njia yake.

Basi siku hizo ukiamka umekuta mvua imepiga usiku, usitoke kutembea mjini kabla ya saa tatu. Saa nne bahari imeshapwa, mitaro inavuta yenyewe.

Mwanakwerekwe ni kesi nyingine. Pale ni bonde lisilo na mkondo wa kutokea, bamvua haliwahusu. Wametengenezewa mitaro mikubwa, hata hivyo ukienda shamba siku ya mvua nzito muulize dereva anapitia wapi.

#5 Boriti_na_Chokaa

Mji Mkongwe masika ndio wakati wa kuuelewa. Kiangazi unaona kuta nzuri tu. Masika unaona kwa nini zilijengwa hivyo.

Mabaraza kwanza. Wageni hudhani ni viti vya kuongelea. Ni viti, na ni njia pia: mtaa ukijaa maji watu hupita juu ya baraza moja hadi jingine.

Mapaa pili. Nyumba nyingi za Waarabu zilijengwa na sakafu bapa ya chokaa juu, mtindo wa nchi zenye mvua chache. Kwa mvua ya hapa zikavuja, watu wakaweka mabati ya mgongo juu yake. Ndiyo maana ukitazama mji kutoka juu unaona mabati yenye kutu kuliko mapaa bapa. Maji ya mabati hayo hushuka kwa milizamu moja kwa moja katikati ya uchochoro. Tembea ukiwa umegusa ukuta, si katikati. Na mwavuli mkubwa acha nyumbani: uchochoro wenye upana wa mita moja na nusu haupitishi miavuli miwili. Koti la mvua, au mwavuli mdogo wa kukunja.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito: kuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita na zaidi, juu yake zimelazwa boriti za mikoko. Boriti ni ya kama mita tatu, ndiyo maana vyumba vya kizamani ni virefu na vyembamba, upana wake ni upana wa boriti. Ukuta wa chokaa hunywa maji masika na kuyatema kaskazi. Unapumua. Mtu akija akapaka saruji juu kwa kuona nyumba imechakaa, amefunga pua yake. Maji yanaingia kwa juu, kwenye ufa wa paa, hayana pa kutokea, yanashuka ndani ya ukuta mpaka kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani. Ncha zinaoza na hakuna anayeziona, kwa sababu katikati ya chumba boriti bado ngumu. Siku moja ya Aprili sakafu inashuka.

Dalili za kutazama kwa nje: ukuta uliotunga tumbo, plasta ya saruji inayolia kama debe tupu ukiigonga, mtini ulioota kwenye ufa juu. Nyumba ya namna hiyo usijikinge mvua chini yake hata kama ina varanda nzuri. Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Ile haikuwa hata masika.

#6 Ng'ambo_Oyee

Nakubaliana na hayo, ila usiwatie watu hofu bure. Pa kujikinga papo: Soko la Darajani la mwaka 1904 lina paa, ndani ya Ngome Kongwe kuna vivuli, hamamu ya Hamamni ni ya kuba, na kanisa la Mkunazini liko pale pale palipokuwa soko la watumwa. Nusu siku ya mvua inatosha kuzunguka sehemu hizo nne kwa miguu bila kulowa sana, na hazipitani kwa mbali.

Darajani uende saa mbili asubuhi. Mvua ikiwa imepiga usiku samaki ni wachache na bei juu, maana ngalawa hazikutoka. Mboga ndiyo tele: mchicha, matembele, kisamvu.

#7 Maweni_Kusini

Boriti_na_Chokaa, kwa faida ya wasomaji: kuta zikishatunga tumbo fundi wa chokaa anaanza na paa. Wengi huanza na ukuta kwa sababu ndio unaoonekana, masika ijayo tumbo limerudi.

#8 Boriti_na_Chokaa

Ndivyo. Paa, kisha milizamu, kisha ncha za boriti, ukuta mwisho. Na chokaa iliyolowekwa ikakaa wiki kadhaa shimoni, si ile iliyochanganywa jana.

#9 Kima_Punju

Jozani. Nimesubiri mtu aitaje.

Msitu wa Jozani, ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, eneo lake kilomita za mraba 50, unaota bondeni kwenye maji ya ardhini. Masika maji yanapanda juu ya ardhi. Njia ya ndani ya msitu unaweza kuikuta maji ya kifundo, baada ya mvua za mfululizo hata ya goti. Kwa hiyo kama kuna raha mtu anayoitaka masika, si njia ya msituni, ni vitu viwili: kima punju wa pembezoni na daraja la mikoko.

Kima punju mvua kubwa hujikunyata juu kileleni, huwaoni. Kukianuka, nusu saa ya mwanzo ya jua, wanashuka kukauka na kula majani machanga kwenye miti ya shambani karibu na barabara, upande wa Pete. Hapo ndipo pa kuwasubiri. Mnyama huyu hapatikani kokote duniani ila Unguja na visiwa vidogo vilivyo jirani yake, na wachache waliopelekwa Pemba. Wa mashambani hula majani ya miembe na mikungu, yenye kemikali zinazosumbua tumbo, basi huokota mkaa kwenye matanuri na magogo yaliyoungua wakautafuna. Mkaa unanyonya ile sumu. Watoto wanapenda kuliona hilo. Msiwalishe, msiwaguse, na mwenye mafua asiwakaribie, maana yanawaambukiza. Kwenye barabara ya pale kuna matuta yaliyowekwa kwa ajili yao. Dereva anayeyaruka kwa kasi mwambie.

Daraja la mbao la mikoko liko kusini ya barabara. Maji yakiwa yamejaa utaona samaki wadogo kati ya mizizi, yakipwa utaona kaa. Vyote vizuri, lakini mbao zikilowa zinateleza vibaya, watoto washike mkono. Na usitazame mikoko kama mti mmoja. Mkoko wenyewe una mizizi ya kusimama kama miguu ya buibui. Msinzi mizizi yake inakunja magoti. Mchu unatoa vipumulio kama penseli kutoka kwenye tope. Mkandaa ni mfupi, magome yake yalitumika kutia rangi ngozi na nyavu.

Mbu wapo. Suruali ndefu, soksi, na soksi ziwe juu ya suruali, si chini.

#10 Mtoto_wa_Kizimbani

Mashamba ya viungo masika wengi wanayakwepa na wanakosea. Mdalasini unabanduka vizuri wakati wa mvua kwa sababu utomvu unapanda. Kiangazi gome limegandamana na mti, linatoka vipande vipande. Ukitaka kuona gome likitoka mkono mzima kwa kisu kimoja, ni sasa. Manjano na tangawizi majani yamesimama, hiliki inachanua chini kwenye shina, watu wanaitafuta juu.

Ubaya ni kinongo. Kikilowa kinakuwa sabuni. Kandambili zinanasa, ukivuta mguu zinakatika na mkanda wake unabaki kwenye tope. Viatu vya mpira au pekupeku, hakuna cha katikati. Gari isiyo ya magurudumu manne iachwe barabara kuu.

Hamamu ya Kidichi iko njia hiyo hiyo, ya mwaka 1850, ya Sayyid Said na mkewe Mwajemi. Mapambo yake ya plasta ndani yanaonekana vizuri wingu likiwa jepesi, jua kali hutupa vivuli vikali kutoka matundu ya juu.

#11 Mama_Wawili

Ahsanteni jamani. Na bahari je? Watoto wanataka kobe wa kisiwa cha Changuu na lile fungu la mchanga.

#12 Kamba_ya_Nanga

Tarehe zako zinaangukia mwezi ngapi? Nakujibu kwa mfano. Kama ni mwezi 12 mpaka 16, uko pazuri sana.

Fungu la Nakupenda linaonekana maji yakipwa tu. Mwezi 15 yanapwa saa nne asubuhi: ondokeni Forodhani, pale ufukweni mjini, saa mbili na nusu, fikeni fungu maji yakiendelea kupwa, kaeni mpaka saa tano, kisha Changuu kwa kobe. Mwezi 12 yanapwa kama saa moja na nusu asubuhi, mapema mno kwa watoto. Mwezi 8 usihangaike. Yanapwa alasiri, kidogo, na alasiri ndipo upepo unapoamka.

Changuu ni kilomita tano na kitu kutoka mjini, boti ya mashine dakika 20 hadi 30. Masika upepo uko kwenye mgeuko kutoka kaskazi kwenda kusi, wenyewe wanaita tanga mbili, bahari mara nyingi imelala. Hatari si mawimbi ya kawaida, ni wingu jeusi lenye sakafu iliyonyooka. Ukiliona kusini na mbele yake maji yamegeuka rangi, upepo unafika ndani ya dakika kumi au kumi na tano. Msianze safari, kaeni ufukweni lipite. Halizidi saa moja. Boti iwe na jaketi la kila mtu na la watoto kwa kimo chao, si jaketi la mtu mzima lililofungwa kamba. Mamlaka ya hali ya hewa wakitoa tahadhari ya upepo na mawimbi, nahodha anayekuambia "hizo habari za redio" tafuta mwingine.

Pwani ya mashariki, Paje, Chwaka, Jambiani, siku hizo hizo mnaweza kutembea mbali juu ya mchanga. Tokeni saa tatu, mrudi saa tano na robo. Usingoje kuona maji yakija mbele yako. Yanaingia kwanza kwa mikondo nyuma yako, ukigeuka umeshazungukwa. Viatu lazima, kwa ajili ya wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi.

#13 Maweni_Kusini

Na msikanyage kamba za mwani. Zile ni mashamba ya watu, wengi wao akina mama, na kilimo chenyewe cha biashara kilianza mwaka 1989. Masika ni miezi migumu kwao: maji matamu ya mvua yanapunguza chumvi karibu na ufukwe, mwani unalegea na kukatika, halafu uliovunwa unahitaji jua siku mbili tatu, mvua moja ikiupiga umepauka, chumvi yake imeoshwa, bei imeshuka. Mkiuona umefunikwa turubai msifunue kupiga picha.

#14 Wete_kwa_Wete

Mmeisahau Pemba kama kawaida yenu.

Pemba ni vilima na mabonde, mvua nyingi zaidi, na udongo mwingi zaidi. Barabara kuu ya lami Mkoani, Chake, Wete, Konde haina tabu. Njia za ndani ndizo zenye tabu, kila kilima ni mteremko wa tope na chini yake bonde la mpunga limejaa. Masika mpunga uko kijani, na watu wanavuna Juni na Julai. Anayetaka kupiga picha Pemba ya kijani aje Mei, si Januari.

Kidike, kaskazini ya Chake: popo wa Pemba, popo mkubwa wa matunda asiyepatikana kwingine duniani, mabawa yakitandazwa yanafika mita moja na nusu. Walikaribia kumalizwa kwa kuwindwa, wanakijiji ndio waliowalinda. Fika saa kumi alasiri, ukae mpaka magharibi, ndipo wanapoondoka kwa makundi kwenda kula. Mvua ikinyesha wamejifunga mabawa kama vifurushi vya ngozi, hawaruki mpaka kuanuke, subira. Usisimame chini yao ukiwa umefungua mdomo kustaajabu. Nimemaliza hapo.

Msitu wa Ngezi, mbele ya Konde: utazame mpapindi, mti mwembamba wa jamii ya mnazi, wa Pemba tu. Baada ya isha utasikia kihodi, bundi mdogo wa Pemba. Kisiwa kina ndege wanne wasiopatikana kwingine: huyo kihodi, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na kidege kidogo cha manjano chenye duara jeupe machoni. Ukivuka msitu unaingia Vumawimbi, mchanga mweupe usio na duka wala kivuli; chukua maji. Mbele zaidi Ras Kigomasha kuna mnara wa taa wa chuma wa mwaka 1900.

#15 Ng'ambo_Oyee

Karafuu je? Aprili mtu atazikuta zinaanikwa?

#16 Wete_kwa_Wete

La. Aprili utaona miti. Msimu mkubwa huanza kiasi cha Julai na kuendelea mpaka mwisho wa mwaka, na hapo ndipo kisa cha mvua kinapokuwa kikali, kwa sababu vuli inaangukia katikati ya mavuno.

Kichana huchumwa matumba yakiwa yameanza wekundu na kabla hayajapasuka. Jioni ile ile karafuu huchambuliwa, makonyo (vijiti vyake) mbali, karafuu mbali. Zikilala zimerundikwa usiku mmoja zinapata joto, zinachacha, zikikauka zinakuwa nyeupe zimekunjamana: hiyo ndiyo mpeta, na haina bei. Asubuhi huanikwa juu ya jamvi au busati, tabaka jembamba, kama unene wa vidole viwili usizidi, na kugeuzwa mara kadhaa kwa siku. Jua zuri, siku nne au tano. Kilo 3 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu. Kavu inavunjika kwa kidole na sauti unaisikia, mbichi inapinda.

Mvua ikija, kosa la wengi ni kuanua haraka na kurundika kwenye kona ya nyumba. Umeziokoa na mvua ukaziua kwa joto. Zitandazwe ndani vile vile nyembamba, hata chini ya vitanda, madirisha wazi. Na kuanika barabarani juu ya lami, kwa kuwa inakauka upesi, kunazitia mafuta ya magari na vumbi. Harufu hiyo haitoki.

#17 Baraza_ya_Jioni

Kuna aliyeniuliza pembeni wazee walijuaje masika inaingia lini bila redio. Kwa Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa kale. Mwaka wa Nairuzi una siku 365, miongo 36 ya siku kumi kumi na siku 5 za ziada. Makunduchi wanaufungua kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai. Chukua Nairuzi ikiangukia tarehe 23 Julai: hesabu miongo 24, siku ya 240 ni tarehe 19 Machi. Ndiyo hapo masika inapogonga mlango. Mkulima alitakiwa awe ameshalima kabla ya hapo, si kuanza.

#18 Maweni_Kusini

Kwa nyongeza: hesabu hiyo haina mwaka mrefu, kwa hiyo inateleza siku moja kila miaka minne. Mtu wa zamani aliyesema "mwongo fulani panda mpunga" na mtu wa leo hawazungumzii tarehe moja. Ukirithi hesabu ya babu yako bila kuisogeza, utapanda mapema.

Mwaka Kogwa wenyewe, kwa atakayekuja Julai: gari namba 310, Makunduchi. Wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini hupigana kwa mabua ya migomba kumaliza mafundo ya mwaka, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto na aliye ndani hutoka mbio. Wanawake huimba wamejipamba vizuri, na mgeni kualikwa kula ni sehemu ya ada. Kukataa si adabu. Simama upande upepo unakotoka, yaani kusini, la sivyo moshi wote wako. Ni kipupwe, baridi kidogo, ila mvua za mchoo hupita ghafla, beba koti.

#19 Mama_Wawili

Nimetazama kalenda, siku zangu ni mwezi 13 mpaka 17! Swali la mwisho, jioni mvua ikipiga Forodhani kuna nini cha kula?

#20 Ng'ambo_Oyee

Mvua ikipiga meza za Forodhani zinafungwa, dada. Ingia ndani ya mji au vuka Ng'ambo utafute urojo wa moto. Kama uko nyumba yenye jiko, pika: koroga vijiko vinne vya unga wa ngano kwenye kikombe cha maji baridi kwanza, ukiutia kwenye maji ya moto unapata madonge. Mimina kwenye lita moja na nusu ya maji yanayochemka pamoja na embe bichi moja lililokunwa, kijiko kidogo cha manjano, chumvi. Moto mdogo dakika 15, ukikoroga. Ndimu mwisho, baada ya kuepua, ukiichemsha inaleta uchungu. Kisha bajia, viazi vya kuchemsha, kachori, chatine ya nazi, na chipsi za muhogo juu kabisa zisilowe. Pilipili ya watoto weka pembeni.

#21 Kamba_ya_Nanga

Mwezi 13 mpaka 17, basi panga hivi: mwezi 15 au 16 Nakupenda na Changuu, asubuhi. Mwezi 17 mashariki, maji yatapwa karibu saa tano na dakika arubaini, tokeni saa nne na nusu. Mwezi 13 na 14 ziweke kwa Jozani na viungo, ipi iende kwanza amua asubuhi: usiku ikiwa imenyesha sana anza Jozani, kinongo cha Kizimbani kipate siku moja ya kukauka.

#22 Mtoto_wa_Kizimbani

Siku moja haitoshi ikiwa imenyesha mfululizo. Piga simu shambani kabla hamjatoka, waulize gari inafika wapi.